Njia ya kwenda kwa Mama

Kikundi: WATOTO WA MARANGU

Jumatano jioni

Kitinda: Shikamooni wakubwa zangu. Natuma picha mbili. Naomba kila mtu azifungue kabla ya kujibu.

Kitinda: [Picha: geti la bati, mnyororo, kufuli jipya]

Kitinda: [Picha: kanga ya Mama, tope mpaka magotini]

Kitinda: Leo ilikuwa kliniki ya Mama ya presha. Bajaji imefika saa 12 asubuhi, geti la Kaka Mkubwa pale njiani limefungwa. Nimegonga, nimepiga simu, kimya. Nimembeba mgongoni kupitia kwa jirani, tukashuka korongoni pale mfereji unapokatisha. Mvua ilinyesha usiku kucha, udongo unateleza kama sabuni. Nilikuwa nashika migomba kwa mkono mmoja, mwingine nimemshika yeye. Muda wote anasema tu "taratibu mwanangu, taratibu".

Dada Mdogo: Ee Mungu wangu. Presha imesomaje?

Kitinda: 178 kwa 102. Wamempa dawa, wamesema apumzike, arudi wiki ijayo.

Dada Mdogo: Kwa presha hiyo asitembezwe mlimani hata kidogo. Mmerudije?

Kitinda: Kule kule korongoni dada. Ningepita wapi?

Baba Junior: Kaka Mkubwa, hii ni nini?

Baba Junior: Kaka?

Baba Junior: Unasoma, tunaona umesoma.

Kaka Mkubwa: Nimefika sasa hivi. Nilikuwa porini, Himo, tangu alfajiri, tunakata mabua ya ng'ombe. Simu ilizima. Hakuna aliyeniambia kwamba leo ni kliniki. Ningeambiwa ningefungua.

Mama Neema: Kaka, shikamoo. Sina shida na wewe kutokuwepo, kila mtu ana shughuli zake. Shida yangu ni kwamba Mama mwenye miaka 81 sasa anahitaji mtu awepo ili atoke nyumbani kwake. Ukilala, hatoki. Ukisafiri, amefungiwa.

Baba Junior: Na sisi Desemba tunapanda na familia. Magari tunaacha barabarani Marangu Mtoni tubebe watoto na mizigo kupitia korongoni? Kihamba, shamba letu la ukoo, ni cha Baba, siyo cha mtu mmoja.

Baba Junior: *Ujumbe huu umefutwa*

Dada Mdogo: Baba Junior, asante kwa kuufuta. Tusifike huko.

Kaka Mkubwa: Nimeusoma kabla hajaufuta. Sawa.

Kaka Mkubwa: Naomba mnisikilize bila kunikatiza. Mimi ndiye niliyebaki hapa. Mwaka jana nimevuniwa maparachichi usiku, gari limesimama barabarani, watu wamepanda juu na magunia, mimi nimelala. Mikungu ya ndizi siku hizi siihesabu. Bodaboda wamefanya hapo njia ya mkato ya kwenda kilabuni, saa 6 usiku taa zinamulika dirishani kwangu. Shemeji yenu amesukumwa na mtu tusiyemjua. Niliandika humu humu, mkanijibu "pole kaka". Seng'enge nimenunua mwenyewe, geti nimelipa mwenyewe. Na sehemu hii ya chini alinipa Baba mwenyewe mwaka 1998, mbele ya ukoo. Sikuiba.

Mama Neema: Hakuna aliyesema umeiba kaka. Hilo la wizi ni letu sote, na nitachangia uzio. Lakini mwizi huzuiwa kwa kuzungushia mali yako uzio, siyo kwa kufunga njia ya nyumba ya nyuma. Hivi vitu viwili tusivichanganye.

Kaka Mkubwa: Nyumba ya nyuma ni ya Mama na Kitinda. Baba Junior ana kwake Dar. Wewe dada una kwako Arusha, umeolewa. Mbona ninyi ndio mnaosema zaidi?

Dada Mdogo: 😔

Mama Neema: Nitajibu hilo asubuhi. Sasa hivi nina hasira.

Alhamisi

Mama Neema: Nimelala nimeamka. Kaka, najibu kwa heshima, ila najibu yote.

Mimi sijaomba eka. Kihamba chote hakifiki eka mbili, tukikigawa kwa wote tutabaki na vitanda vya mchicha. Mila yetu naijua: mtoto wa kwanza anapewa chake, kitinda mimba anabaki na nyumba ya wazazi, wa katikati wanatafuta. Sijaigusa. Lakini usiniambie niliyeolewa nisiseme. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kinasema mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu. Na kabla ya hapo, mwaka 1990, Jaji Mwalusanya alishaamua kesi ya Holaria Pastory wa Kagera, mwanamke aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake, ukoo ukasema hana haki hiyo. Alishinda. Nimewahi kuwaambia haya wanawake wenzangu kanisani, sitanyamaza kwa ndugu zangu.

Sasa turudi kwenye njia. Jeneza la Baba lilipita wapi? Lilipita hapo hapo. Gari la kwaya liliishia barabarani, wanaume wakapokezana mabega kutoka chini mpaka kwenye migomba ya juu, na wewe ulikuwa mbele upande wa kulia. Mabua ya ng'ombe wa Mama yanapita hapo. Mbolea inashuka hapo. Kahawa ya Baba ilishuka hapo tangu sisi hatujazaliwa. Njia hiyo ilikuwepo kabla hujapewa sehemu yako, na Baba alipokupa sehemu hakukupa njia. Leo unafungua kwa sababu una huruma na Mama. Kesho ukiuza, au mtoto wako akiuza, mnunuzi ana huruma gani na Kitinda?

Kaka Mkubwa: Mimi siuzi.

Mama Neema: Najua. Na sote hatutaishi milele kaka.

Baba Mdogo: [Ujumbe wa sauti, dakika 4]

Kitinda: Kwa walio kazini, naandika alichosema Baba Mdogo: Mwaka 1998 alikuwepo pamoja na wazee wengine wawili ambao wameshatangulia. Baba alipima kwa hatua. Masale, ile mimea ya mpaka, yalipandwa mistari miwili, siyo mmoja. Mstari wa kushoto ni mpaka wa jirani na njia. Mstari wa kulia ni mpaka wa njia na sehemu ya Kaka Mkubwa. Katikati gari la ng'ombe lilikuwa linapita. Anasema "nani aling'oa sale la kulia?"

Baba Junior: Swali zuri sana.

Kaka Mkubwa: Baba Mdogo, shikamoo. Banda la ng'ombe lilijengwa 2015, Baba akiwa hai, akaliona, hakusema kitu.

Baba Mdogo: Marahaba. Baba yako alikuwa mgonjwa mwaka ule. Na bado watu walipita pembeni ya banda. Geti halikuwepo.

Kitinda: [Picha: nyuma ya banda, kando ya ukuta wa mbao]

Kitinda: Nimeenda kuangalia sasa hivi. Masale hayajafa. Yamekatwa juu lakini yanachipua, mashina saba kwenye mstari ulionyooka kabisa, yanaingia chini ya banda na kutokea upande wa pili. Kaka, njoo uone mwenyewe, sijagusa kitu.

Dada Mdogo: Sale limeng'olewa likakataa.

Wakili wetu: Shikamooni wote. Babu, Baba, Shangazi, Baba Mdogo wa Dar. Naomba ruhusa ya kuongea. Najua Baba ndiye mzazi wangu na siwezi kusimama dhidi yake hapa mbele za watu. Nataka tu tusije tukagawanyika kwa kutojua.

Kaka Mkubwa: Ongea mwanangu.

Wakili wetu: Asante Baba. La kwanza: Babu mzaa Baba, mume wa Bibi, alifariki 2020 na mpaka leo mirathi haijafunguliwa. Hakuna msimamizi. Kwa hiyo hakuna mtu mwenye mamlaka ya kugawa, kuuza wala kusaini chochote kwa niaba ya marehemu. Sehemu ambayo Baba alipewa Babu akiwa hai, kwa mashahidi, ni hoja nyingine na ina nguvu yake. Ila yote iliyobaki ni mali ya marehemu.

Mnakaa kikao cha ukoo, mnapendekeza jina, muhtasari unapelekwa Mahakama ya Mwanzo. Akiteuliwa, ndani ya miezi minne anatakiwa kupeleka mahakamani orodha ya mali na madeni, Fomu Na. 5. Hapo ndipo njia iandikwe pamoja na mchoro, ionekane inaanzia wapi, inaishia wapi, upana gani.

La pili: haki ya kupita kwenye ardhi ya mwingine inatambuliwa na Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999. Ikiandikwa na kusajiliwa inaifuata ardhi, hata mwenye ardhi akibadilika. Makubaliano ya mdomo yanakufa na waliokubaliana.

Baba Junior: Na tukienda barazani?

Wakili wetu: Tangu mabadiliko ya 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Siku 30 zikipita bila suluhu mnaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, Moshi. Wakili analipwa, nauli zinalipwa, miaka inaenda. Mama, yaani Bibi, ataitwa kutoa ushahidi. Fikirieni Bibi amekaa kwenye benchi anaulizwa maswali kuhusu wanawe.

Dada Mdogo: Hapana. Hapana kabisa.

Baba Mdogo: Huyo mtoto amesoma.

Kaka Mkubwa: Nitatengeneza funguo tano. Kila mtu na wake, Mama na wake. Yaishe.

Mama Neema: Nashukuru kaka, lakini hapana. Kufuli hubadilishwa siku moja. Na bajaji ya saa 8 usiku, Mama akiwa hana nguvu hata ya kushika kikombe, nani atakwenda kutafuta funguo gizani? Njia iwe wazi, ipimwe, iandikwe. Geti lako lirudi kwenye nyumba yako na sisi tutalichangia.

Kaka Mkubwa: Nipeni mpaka Jumapili.

Ijumaa

Baba Junior: Kwa taarifa, Jumapili ikipita bila jibu nampigia mtendaji wa kijiji.

Dada Mdogo: Amesema Jumapili. Mwache mtu apumue.

Kitinda: Geti liko wazi tangu jana jioni. Shemeji ndiye aliyetoa mnyororo. Amepanda juu na uji wa Mama, wamekaa mpaka usiku.

Mama Neema: Mpe shemeji asante zangu. Nitampigia.

Jumapili, baada ya ibada

Kaka Mkubwa: Nimekwenda nyuma ya banda na Baba Mdogo. Nimeyaona. Banda sivunji, nina ng'ombe watatu na mmoja ana mimba. Ninachoweza: njia ihamie kushoto, ifuate masale ya jirani moja kwa moja mpaka juu. Mita mbili na nusu.

Baba Junior: Mbili na nusu ni njia ya mbuzi.

Wakili wetu: Baba, naomba mita tatu. Gari la wagonjwa lipite bila kugusa masale ya jirani, vinginevyo tutahamishia ugomvi kwake.

Kaka Mkubwa: Mita tatu zinakula mstari wangu mzima wa kahawa. Miche ya miaka minne, imeanza kuzaa mwaka huu. Hiyo nani analipa?

Mama Neema: Tunalipa. Taja bei yako, sitabishana nayo. Mstari wa kahawa ni jasho la mtu.

Baba Junior: Mimi nabishana. Kahawa ilipandwa kwenye njia? Kwa nini tulipe?

Baba Mdogo: Kahawa ilipandwa upande wa kushoto wa njia kwa sababu watu walikuwa wanapita upande wa kulia. Kama banda linabaki, mwenye banda anapoteza kahawa, sisi tunapata njia. Nusu mlipe, nusu abebe. Nimemaliza.

Kaka Mkubwa: Nakubali nusu.

Baba Junior: Mimi sijakubali ila kwa heshima ya Baba Mdogo nitachangia. Iandikwe kwenye muhtasari kwamba sikukubali.

Wakili wetu: Itaandikwa Baba Mdogo wa Dar. Jumamosi saa 4 asubuhi: Babu, yaani Baba Mdogo wenu, Bibi kwenye kiti chake, mwenyekiti wa kitongoji, jirani wa kushoto, na wote watakaoweza kufika. Tunapima, tunachora, kila mtu anasaini, mwenyekiti anapiga mhuri. Jina la msimamizi lijadiliwe siku hiyo hiyo. Baba, usijipendekeze wewe, na Baba Mdogo wa Dar naye asijipendekeze.

Dada Mdogo: Nampendekeza Mama Neema.

Kitinda: Naunga mkono.

Kaka Mkubwa: Mwanamke aliyeolewa kusimamia mirathi ya ukoo, wazee watasemaje?

Baba Mdogo: Mzee aliyebaki ni mimi. Sina neno.

Kaka Mkubwa: Basi tutaongea Jumamosi. Sijakataa, sijakubali.

Mama Neema: Ni haki yako kaka. Nafika Ijumaa jioni na mchele na nyama. Michango ya uzio na kahawa nitumieni mimi, nitaandika humu kila senti. Naanza na 150,000.

Dada Mdogo: 100,000 mwisho wa mwezi. Sitapata ruhusa kazini, mnipigie kwa video nisikie yote.

Baba Junior: 200,000. Nakuja na basi la usiku.

Kitinda: Mimi sina hela ila nitachimba mashimo yote ya nguzo. Mwenye tepu ndefu aje nayo, ya fundi ni ya mita 5 tu.

Kaka Mkubwa: Ninayo ya mita 30. Na ile miche mtu asiiguse mpaka nifike, nataka kuihamisha mwenyewe na udongo wake.