Naombeni ushauri: Je, nibebe kisu cha bei rahisi kazini na kile cha thamani nikiache nyumbani?

Mchuuzi wa Mwaloni (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mfanyabiashara mdogo wa dagaa na kayabo (samaki wa kukaushwa kwa chumvi) hapa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, na kazi yangu hainiruhusu kutembea bila kisu: nakata kamba za viroba, natoboa kiroba pembeni ili mteja aone dagaa wa chini wakoje, na mara nyingine nachana kayabo kuthibitisha kama chumvi imeingia mpaka ndani. Kwa muda mrefu nimekuwa nikitumia kisu cha kukunja aina ya Okapi, kile cha zamani chenye mpini wa mbao uliopambwa kwa mwezi na nyota, ambacho ukikifungua kinalia kr-kr-kr na ili kukifunga ni lazima uvute pete iliyo mgongoni. Ni kisu ninachokithamini sana, na kila nikikitia mfukoni roho haitulii, kwa kuhofia kukidondosha majini au kuibiwa wakati wa kupakia malori. Juzi nilipita sokoni Makoroboi nikanunua cha Kichina kwa shilingi elfu nne. Swali langu ni moja tu: je, ni busara kubeba hiki cha bei rahisi kila siku na kile cha thamani kikabaki nyumbani? Naomba kuwasilisha.

Fundi Tupa

Ni busara, na wala si jambo la kuumiza kichwa. Ila usikiamini hicho cha Makoroboi kabla ya kukipima. Kwamba chuma chake ni laini na makali yataisha kabla ya saa sita mchana si tatizo, kwa sababu chuma laini kinanoleka upesi kwenye jiwe lolote. Tatizo ni kile kibati chembamba cha ndani kinachozuia ubapa usijifunge, maana ukichoma kiroba kilichojaa, ncha ikakwama na mkono ukaendelea kusukuma, kibati kinateleza na ubapa unarudi kwenye vidole. Kifungue, kishike kwa mpini bila vidole vyako kuwa kwenye njia ya ubapa, kisha gonga mgongo wa ubapa kwenye ukingo wa meza, taratibu. Kikijifunga, hicho kinafaa kufungulia bahasha tu. Mimi ningekushauri uachane kabisa na visu vya kukunja kazini, ununue kisu kidogo cha jikoni chenye mpini wa plastiki wa rangi nyekundu, ukitengenezee ala. Kikidondoka kwenye dagaa utakiona mara moja.

Abiria wa Kamanga

Umenikumbusha machungu. Nilikuwa na Opinel, kisu cha Kifaransa kutoka Savoie, nilichozawadiwa na mgeni niliyemtembeza visiwani. Kwa wasiokifahamu, Joseph Opinel alianza kuvitengeneza mwaka 1890, na ile pete ya shingoni inayozungushwa ili kuubana ubapa iliongezwa mwaka 1955. Ni kisu cha mti na chuma tu, lakini kinakata nyanya iliyoiva bila kuiponda. Basi siku hiyo nilikuwa nasafiri kwa ndege kwenda Dar es Salaam, nikasahau kukihamishia kwenye mzigo wa chini, na kwenye ukaguzi yule dada akakitoa mfukoni mwa begi langu akaniangalia kwa huruma. Kingekuwa cha elfu nne ningekiacha pale nikaondoka huku nikipiga mluzi. Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, beba cha bei rahisi, na ukisafiri usibebe chochote.

Mwalimu Mstaafu Nyegezi

Vijana wangu, mimi naona mnajadili aina ya kisu na kuacha swali la msingi, yaani kwa nini mtu atembee na kisu mfukoni. Hiyo Okapi mnayoisifu, huko Afrika Kusini imejijengea jina baya kwa sababu wahuni waliigeuza silaha. Kisu cha kazi kibaki kazini. Jioni ukipita mahali penye pombe huku una kisu mfukoni, ugomvi ambao ungeisha kwa matusi unaweza kuishia mahakamani, na hakuna askari atakayekaa kusikiliza habari za kayabo.

Mchuuzi wa Mwaloni

Shikamoo Mwalimu. Nimekuelewa, lakini mimi nikitoka Mwaloni naenda nyumbani moja kwa moja. Swali langu lilikuwa juu ya visu viwili, si juu ya pombe.

BintiNansio

Kaka, kuna kitu sikielewi. Kisu cha elfu nne umeshakinunua, na cha thamani unasema utakiacha nyumbani. Hapo hakuna jambo la kuombea ushauri, kwa sababu ukibadili mawazo kesho unafungua kabati tu na kukichukua. Hicho cha thamani ulikipata wapi?

Mchuuzi wa Mwaloni

Alinipa baba mkwe tulipofunga ndoa. Ni fundi wa mitumbwi kule Ukerewe, na kisu hicho ndicho alichokuwa akikatia pamba ya kuziba nafasi za mbao. Aliniambia alikinunua kipya katika duka moja hapa mjini, mwaka ile meli ya MV Bukoba ilipozama. Ubaoni kuna mahali pamelika kwa umbo la kidole gumba chake, na kidole changu hakipatani napo vizuri kwa sababu yeye ni wa mkono wa kushoto. Kila akija kutusalimia hushuka na kapu la machungwa, na huniomba nimmenyee moja kwa kisu hicho. Ndiyo maana nasema kina thamani.

BintiNansio

Asante kwa maelezo, lakini bado hujajibu. Akija, si utakitoa kabatini umenyee chungwa? Au hakitakuwa kabatini?

Mchuuzi wa Mwaloni

Dada, unahoji kama hakimu. Haya, niseme yote. Kuna mtu anayekusanya vitu vya zamani, alikiona mkononi mwangu Mwaloni akakipenda, akataja shilingi laki mbili. Nimepokea arubuni ya elfu themanini, na atamalizia mwisho wa mwezi. Sijakipeleka bado. Kabla hamjanirukia, naomba mzingatie mambo haya. Zawadi ikishatolewa ni mali ya aliyepewa. Pili, kisu hiki ni cha chuma kinachoshika kutu, na chumvi ya kayabo inakila: nikikiacha bila kukifuta tangu mchana, jioni nakuta vidoa vyekundu karibu na pini. Kwa mtu wa makumbusho yake kitatunzwa kuliko kwangu. Tatu, ada ya mtoto haisubiri. Na huyo mzee siku hizi hasafiri sana.

Abiria wa Kamanga

Kumbe «kukiacha nyumbani» maana yake ni nyumbani kwa mtu mwingine.

Mwalimu Mstaafu Nyegezi

Mkwe haheshimiwi kwa maneno matupu. Ulichopewa siku ya ndoa hukiuzi kabla hata ya kumjulisha mkeo, maana sijasoma popote kwamba umemshirikisha.

Msomi wa Capri Point

Naomba radhi kwa wanajukwaa, lakini mimi nanusa chai, yaani hadithi ya kutunga. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, hilo kila mtu wa Mwanza analijua. Sasa Okapi zilikuwa za Ujerumani, lakini mwaka 1988 alama ya biashara na mitambo vilinunuliwa na kampuni ya Afrika Kusini, na tangu hapo zinatengenezwa huko. Mtu aliyenunua kisu kipya mwaka 1996 alinunua cha Afrika Kusini, ambacho hadi leo ni kisu cha bei ya kawaida kabisa. Ni mkusanyaji gani atakayetoa laki mbili kwa kitu hicho? Ama hakuna mnunuzi, ama hakuna baba mkwe. Mleta mada atuwekee picha ya ubapa, tuone umegongwa mhuri wa wapi.

Mchuuzi wa Mwaloni

Picha siweki, kwa sababu mke wangu naye anasoma humu. Mhuri upo na unasoma Germany, ingawa herufi mbili za mwisho zimefutika kwa kunolewa. Habari za mwaka ni za mzee, na mimi siwezi kumhoji mkwe wangu risiti.

Msomi wa Capri Point

Mke anasoma humu, na wewe umeeleza kapu la machungwa, mkono wa kushoto na kazi ya baba yake? Chai imeiva.

Fundi Tupa

Msomi, hesabu yako ya miaka ni sahihi, ila umelisahau duka. Madukani mwetu bidhaa ilikaa kwenye rafu mpaka vumbi liwe sehemu ya bei, hivyo kisu kilichotoka Ujerumani kabla ya 1988 kuuzwa «kipya» mwaka 1996 si muujiza. Mimi mwenyewe nimewahi kununua tupa ya zamani ikiwa bado kwenye karatasi yake ya nta.

Lakini mleta mada, nina neno juu ya hicho cheo cha «kisu cha thamani». Okapi zilianza kutengenezwa mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni ya Ujerumani barani Afrika, wakati Mwanza yetu ikiwa mikononi mwa hao hao waliolipachika jina la Bismarck lile jiwe letu la ziwani. Hakikuwa kisu cha mabwana wakubwa. Kilikuwa cha mkulima, mchungaji na fundi, chuma cha kawaida na mpini wa mbao, bei ambayo kibarua aliimudu. Baba mkwe wako alipoingia dukani alinunua kile ambacho wewe umekinunua Makoroboi: kisu rahisi cha kila siku. Akakitumia kwenye pamba na kamba miaka yote hiyo, kisha akakupa ukitumie. Cheo umekipa wewe, na bei amekipa huyo mkusanyaji. Mimi ningerudisha arubuni. Kayabo ningeikata kwa cha elfu nne kikifaulu mtihani wa meza, na cha mzee ningekibeba siku zisizo za chumvi. Hata kikipotea siku moja, kitakuwa kimepotea kazini.

BintiNansio

Fundi anasema kweli, ila mimi ningempigia simu mzee kwanza. Huenda naye akasema kiuze, ada ya mjukuu ni ya mjukuu wake.

Abiria wa Kamanga

Au akasema mgawane hiyo laki mbili.

Mchuuzi wa Mwaloni

Nimewasoma wote, hata aliyeniita muuza chai. Arubuni nimeshaitumia nusu, kwa hiyo suala la kuirudisha si la kesho. Cha Kichina nimekigonga mezani na kimejifunga mara ya kwanza tu, basi nimechukua kile cha jikoni chenye mpini mwekundu. Mkusanyaji nimemwambia asubiri mpaka nizungumze na watu wa nyumbani. Wakati nasubiri, Fundi, hivyo vidoa vyekundu karibu na pini naviondoaje bila kuukwaruza ubapa, na nipake mafuta gani?

Fundi Tupa

Chukua kipande cha gazeti, kunja mara nne, chovya kwenye majivu laini yenye maji kidogo, sugua kwa kufuata urefu wa ubapa, na acha ule utando wa kijivu ulivyo, kwa sababu ndio unaosaidia kuzuia kutu nyekundu. Suuza, kausha kabisa, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye pini na mengine kidogo kwa kitambaa. Ya alizeti usipake, yanaganda na kunata. Wala usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi, maana ngozi inashika unyevu. Kizungushie kitambaa kikavu. Ukimaliza, tuambie kama zile herufi mbili zimeonekana.

Msomi wa Capri Point

Na picha.