Programu ya mauzo ya samaki Tanga: Kotlin, Flutter au React Native?

Mwana Ngamiani

Wakuu, habari za jioni. Nipo Tanga mjini. Mie na mwenzangu tunatengeneza programu ya simu ya kuandikia mauzo ya samaki. Watumiaji ni wachuuzi wanaonunua mnadani pale Deep Sea, kisha wanasambaza Mgandini, mitaani Ngamiani na wengine mpaka Muheza. Kinachotakiwa si kikubwa: samaki gani, kiasi gani, kauziwa nani, kalipa au kakopa. Hapo kwenye kukopa ndipo penyewe, maana daftari la madeni ndilo linalowasumbua zaidi.

Hali ilivyo: simu zao nyingi ni Android za bei ya chini, RAM 2GB, nafasi imejaa picha na video za WhatsApp. Bando ni la siku. Wanaofuata mzigo Kigombe na Pangani kuna sehemu wanapita mtandao hakuna kabisa. Laptopu yangu ina RAM 8GB. Mie lugha ya Kotlin naijua kiasi, mwenzangu ni mtu wa JavaScript. iPhone hatujaulizwa na yeyote.

Tumebakiza njia tatu za kuiandika: Kotlin na Jetpack Compose (zana ya kujengea skrini za Android), Flutter, au React Native inayotumia JavaScript. Naomba mnilinganishie kwa hali hii hii niliyoieleza.

Fundi Sahare

Mkuu, kwa maelezo hayo nakwambia Kotlin bila kusita.

Google iliikubali rasmi kwenye Android mwaka 2017 na mwaka 2019 ikaipa kipaumbele, lakini hiyo si sababu yangu. Sababu yangu ni kazi zenyewe ulizozitaja. Unataka kuhifadhi simuni, kuna Room juu ya SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya simu. Unataka data itumwe yenyewe mtandao ukirudi hata kama mchuuzi kashafunga programu, kuna WorkManager. Vyote vinatoka kwa haohao wanaotengeneza Android. Kwenye Flutter na React Native, kazi ya kutuma data programu ikiwa imefungwa utaifikia kupitia kifurushi kilichoandikwa na mtu mwingine, na siku akiacha kukitunza mzigo ni wako.

Na kumbuka Play Store kila mwaka inapandisha toleo la Android ambalo programu lazima ililenge. Ukiwa na vifurushi vingi vya watu, kila mwaka unasubiri kila mmoja wao asahihishe cha kwake ndipo na wewe upande.

Bint Korogwe

Kaka Fundi, kuhusu kutuma data nakubali. Mengine sikubali.

Leo hajaulizwa iPhone. Akifika kwa wanunuzi wa hoteli za Pangani na Dar, ataulizwa. Flutter toleo la 1.0 lilitoka Desemba 2018, sasa si kitu cha kubahatisha tena, na skrini uliyoiandika mara moja inakwenda pande zote mbili. Halafu kuna ile kubadilisha kitu kwenye msimbo (code) ukakiona papo hapo kwenye simu bila kupoteza ulichokwisha kujaza. Kwa anayejenga fomu, na programu ya madeni ni fomu tupu, hiyo inaokoa masaa.

Ila Mwana Ngamiani, sikiliza hili kabla hujaipima. Watu wengi wanaiweka Flutter kwenye simu ya RAM 2GB ikiwa bado kwenye hali ya ukaguzi (debug), wanaona inakwama, wanaitupa. Hali ile ni nzito kwa makusudi. Tumia `flutter run --profile` kwenye simu halisi ndipo useme kitu. Ukifika kusambaza APK (faili la kusakinishia programu) kwa mkono, tumia `flutter build apk --split-per-abi`, ili kila simu ipate faili la prosesa yake tu, badala ya kumbebesha mchuuzi mafaili ya simu zote kwa bando lake.

Na laptopu ya 8GB, emuleta (simu ya kuigiza ndani ya laptopu) iache. Chomeka simu kwa waya. Kuanzia Android 11 unaweza hata bila waya, kwa Wi-Fi.

Kijana wa JS

Mbona React Native inapitwa kimya? Mwenzake anajua JavaScript! Facebook waliiweka wazi mwaka 2015, na ya leo si ile ya zamani. Hermes, injini ya kuendesha JavaScript, imekuwa ya kawaida tangu toleo la 0.70, na muundo mpya wa ndani tangu 0.76 mwaka 2024. Ukiwa na Expo, zana za kurahisisha React Native, mwenzake ataanza kazi kesho asubuhi. Timu ni watu wawili, ukichagua Kotlin umemweka mmoja kando.

Fundi Sahare

Hamweki kando, kijana. Seva nani ataandika? Madeni yote lazima yakae mahali, simu ikiangukia baharini yasipotee. Mwenzake achukue seva kwa hiyo hiyo JavaScript, huyu achukue simu. Kazi zitakwenda pamoja.

Mzee wa Seva

Vijana wangu, mjadala mzuri. Mie niseme yale ambayo yatamfika kwa zana yoyote atakayochagua, kwa sababu programu za namna hii nimeona zikikataliwa na watumiaji, na sijaona hata moja ikikataliwa kwa sababu ya lugha iliyoandikiwa.

La kwanza na kubwa. Mchuuzi yupo katikati ya kuandika: changu, kilo nne, jina la mteja. Simu inaita. Anapokea, anaongea, anafungua WhatsApp kusikiliza sauti aliyotumiwa, anapiga picha ya tenga. Anarudi kwenye programu yako, fomu tupu. Kwenye simu ya RAM 2GB Android imeshaifuta programu yako kwenye kumbukumbu ili kamera ipate nafasi. Atajaza tena mara moja. Mara ya pili anarudi kwenye daftari, na hatakwambia kwa nini.

Kwenye Compose wengi wanatumia `remember` kutunza kilichojazwa, wakidhani inatosha. Haitoshi, angalau iwe `rememberSaveable`. Lakini kwa rekodi ya hela mie sitegemei hata hiyo. Kila kisanduku kikijazwa, andika rasimu kwenye SQLite palepale. Mtumiaji akibonyeza hifadhi, rasimu inabadilishwa hali tu, kuwa mauzo. Kulijaribu ni rahisi: fungua mipangilio ya simu, gusa namba ya muundo mara 7 ili chaguo za wasanidi zionekane, kisha washa ile inayoharibu kila skrini mtu anapoiacha. Jaza fomu nusu, toka, rudi. Kilichopotea hapo ndicho kitakachopotea Deep Sea. Flutter na React Native nazo zinapatwa na haya haya, asikudanganye mtu.

La pili, namba ya utambulisho wa kila mauzo itengenezwe kwenye simu, iwe UUID (namba ndefu isiyojirudia), isisubiri seva. Mtandao wa njiani una tabia moja: ombi linafika seva, jibu linapotea. Simu inadhani haikutuma, inatuma tena. Kama seva ndiyo inayotoa namba, deni moja limekuwa mawili, na mteja atamwita mchuuzi mwizi. Ukiwa na UUID, seva ikiona namba ileile inajibu tu kwamba ninayo tayari.

La tatu, hela na uzito visiwe namba za desimali. Jaribu 0.1 + 0.2 kwenye Kotlin, Dart (lugha ya Flutter) au JavaScript, utapata 0.30000000000000004. Shilingi hifadhi kama namba kamili. Uzito hifadhi kwa gramu, kilo ionekane kwenye skrini tu.

Namba za simu pia: huyu ataandika 07, yule 255, mwingine +255 na nafasi katikati. Zigeuze zote kuwa +255 kabla ya kuhifadhi, la sivyo mdaiwa mmoja atakuwa watu watatu.

Saa nimalizie nayo. Hifadhi kwa UTC (saa ya pamoja ya dunia), onyesha kwa saa za Afrika Mashariki. Lakini mnada wa saa kumi na moja alfajiri ukimwandikia mtu 05:00 anasita. Hesabu yenyewe ni fupi: chukua saa ya mfumo wa 24, jumlisha 6, gawa kwa 12 uchukue baki, baki ikiwa 0 andika 12. Kisha ongeza alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku. Na tarehe iandike kila mara, kwa sababu huku pwani mtu akisema usiku wa Ijumaa huenda anazungumzia Alhamisi baada ya magharibi.

Mwana Ngamiani

Shikamoo mzee. Nashukuru sana, hilo la rasimu ndilo nimelianza usiku huu. Swali dogo: WorkManager niiwekee kila baada ya muda gani?

Mzee wa Seva

Marahaba mwanangu. Ya kujirudia haikubali chini ya dakika 15, na huihitaji kwa kazi kubwa. Kila mauzo yakihifadhiwa, panga kazi ya mara moja yenye sharti la mtandao, kwa `enqueueUniqueWork` ili zisipangwe kumi kwa jambo moja. Ikishindwa, muda wa kurudia uongezeke maradufu. Ila baadhi ya simu za bei ya chini zinabana mno betri na kuchelewesha kazi hizi, kwa hiyo tuma pia kila programu inapofunguliwa. Na juu ya skrini muonyeshe mtu wazi: mauzo mangapi hayajafika. Asiyeona hilo atahofia hela yake, na ana haki.

Mpita Njia Raskazone

Na kwa nini isiwe ya kwenye kivinjari tu? Haihitaji Play Store, kiungo unatuma WhatsApp, na siku hizi inafanya kazi bila mtandao.

Bint Korogwe

Kwa orodha ya bei ningekubali. Kwa madeni hapana. Data ya kivinjari inakaa pamoja na data nyingine za kivinjari, na simu ikijaa, mtu anaambiwa na jirani "futa data ya Chrome upate nafasi", anafuta na madeni yake. Hawa nafasi imeshajaa, kasema mwenyewe.

Bint Pangani

Samahani naingia kwa jambo ambalo hamjaligusa. Nimekulia kwenye biashara hii, na kisanduku kilichoandikwa "Kilo" peke yake kitaiua programu.

Samaki wadogo wengi hawauzwi kwa kilo. Dagaa ni ndoo. Vibua ni fungu, na fungu la asubuhi si fungu la jioni. Mnadani mtu ananunua tenga zima kwa bei moja, ndani mna changu, tasi na pono, hajapima chochote. Nguru au jodari ndio watakwenda kwa kilo au kwa mmoja mmoja. Kwa hiyo kwenye jedwali weka kipimo, idadi na bei ya jumla. Uzito uwe wa hiari. Ukiulazimisha, mtu ataandika 1 kila mahali ili apite, na takwimu zako zote zitakuwa za uongo.

Bei iulizwe kwa jumla, mashine igawe yenyewe. Kibodi ya namba ijifungue yenyewe kwenye hela. Vitufe viwe vikubwa, ule ukubwa wa 48dp (dp ni kipimo cha skrini) unaopendekezwa na Android uuchukulie ndio wa chini kabisa, kwa sababu vidole vina maji na magamba na kioo chenye maji hakisikii vizuri. Maandishi yawe meusi juu ya meupe. Kijivu cha kupendeza hakionekani kwenye jua la saa nne.

Kijana wa JS

Dada, hilo la tenga sikuwahi kulifikiria. Nalichukua.

Mwana Ngamiani

Wakuu, narudi na majibu. Niliandika skrini moja ileile, ya kuongeza mauzo, kwa Kotlin na kwa Flutter, zote zikiwa toleo la kusambazwa, nikaziweka kwenye simu ya mchuuzi mmoja hapa Ngamiani. React Native sikuipima kwa sababu mwenzangu kakubali kuchukua seva, na kafurahi nayo.

Kwenye kuandika na kusogeza orodha, mchuuzi hakuona tofauti, na mie pia sikuiona. Bint Korogwe ulisema kweli. Tofauti ilikuwa mahali pawili: Flutter ilichelewa kidogo kufunguka simu ikiwa na mambo mengi, na faili lake lilikuwa kubwa zaidi. Kwa simu iliyojaa, mchuuzi alitazama ukubwa kwanza kabla ya jina. Tunakwenda na Kotlin. Ya iPhone ikija, Kotlin Multiplatform, ya kutumia Kotlin ileile Android na iPhone, imekuwa imara tangu Novemba 2023, sehemu ya madeni na hesabu tutaihamishia huko.

Vipimo nimeweka kama alivyosema Bint Pangani: kilo, ndoo, fungu, tenga, mmoja. Kuna kilichosahaulika kabla ya kupeleka Play Store?

Fundi Sahare

Kipo, na kinachukua muda kuliko kuandika msimbo. Akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 haziruhusiwi kutoa programu kwa umma mpaka ifanyiwe jaribio lililofungwa (closed test) lenye wajaribu wasiopungua 12, kwa siku 14 mfululizo. Ada ya akaunti ni dola 25, unalipa mara moja tu. Wajaribu wako ni haohao wachuuzi, lakini kila mmoja anahitaji akaunti ya Google anayoikumbuka, na wengi walifunguliwa na fundi wa simu, hawaijui hata anwani yake. Anza kuzikusanya wiki hii huku ukiendelea kuandika. Chukua zaidi ya 12, maana akijitoa mmoja katikati na ukabaki chini ya hapo, hesabu ya siku inavurugika.

Bint Pangani

Na usianze jaribio wakati wa bamvua kubwa, maji yanapojaa na kupwa sana, kaka. Siku hizo hakuna atakayekaa kufundishwa simu. Subiri maji mafu, watu wana nafasi ya kukaa na kukuuliza maswali.