Mausi isiyo na waya inabonyeza mara mbili yenyewe, na huduma kwa wateja wananizungusha tu

mhariri_wa_usiku

Wakuu naombeni msaada, nimechoka kabisa. Nina mausi isiyo na waya, hizi za kuchomeka karisiva kadogo kwenye USB ya laptopu, haijafikisha hata mwaka na waranti bado ipo. Shida zake ni mbili: kishale kinakwama kwama, unakisukuma kinaganda katikati ya skrini afu ghafla kinatokea kule pembeni, halafu kitufe cha kushoto nabonyeza mara moja chenyewe kinahesabu mara mbili. Mimi kazi yangu ni kuhariri maandishi kutwa, sasa nikiteua aya niihamishe inaachia njiani, nikifunga ukurasa mmoja zinafungwa mbili, juzi nilikuwa naburuta folda ya mteja ikadondokea ndani ya folda nyingine nikaitafuta karibu nilie.

Ila kinachoniuma zaidi ni hawa wa huduma kwa wateja. Unaanza na roboti, haikuelewi, inakuletea maelezo yaleyale ya kuzima na kuwasha. Ukibahatika kumpata binadamu anakwambia badilisha betri, chomoa risiva uchomeke tena, futa driva (programu inayoendesha mausi) uweke upya. Nikafanya yote nikawaandikia kwamba nimefanya. Anakuja mwingine mwenye jina lingine anaanza mwanzo, badilisha betri. Picha ya risiti nimetuma, namba za chini ya mausi nimetuma, mwisho wa siku naletewa imeli kwamba ombi langu limefungwa kwa sababu tatizo limeisha. Hakuna aliyeniuliza kama limeisha! Hivi hii shida ni ya mausi au ya laptopu yangu? Na hawa watu unaongea nao vipi mpaka wakusikie?

fundi_solda

Pole sana mkuu. Hapo una matatizo mawili yasiyohusiana kabisa, na kwa kuwa umeyaandika pamoja wao wanashika lile jepesi wanakujibu hilo, la pili linapotea. Yatenganishe.

La kishale kuganda mara nyingi ni mawimbi. Hizi mausi zinatumia masafa ya redio ya 2.4 GHz, hukohuko ndiko iliko Bluetooth na waifai nyingi, na mbaya zaidi USB 3.0, ile ya kasi, yenyewe ikiwa inapitisha data inatoa kelele kwenye masafa hayohayo. Sio uvumi, Intel walitoa andiko lao mwaka 2012 wakapima na mausi zikiwemo. Kwa hiyo kama risiva yako imechomekwa ubavuni mwa diski ya nje au fleshi inayokopi mafaili, mawasiliano yanakatika katika. Tafuta waya wa kurefusha USB, hata mfupi tu, uisogeze risiva ije karibu na mausi, au ichomeke upande wa pili wa laptopu. Pia ingia kwenye setingi za umeme za Windows uizuie isizime USB ili kuokoa chaji.

La kubonyeza mara mbili hilo ni swichi, betri wala driva haihusiki. Ndani ya kile kitufe kuna kibati chembamba kinachoruka na kugusa chuma kingine, kikichoka au kikipata kutu kidogo kinadunda dunda badala ya kugusa mara moja, na mausi inasoma kila mdundo kama bonyezo jipya. Ushahidi umeutaja mwenyewe: unaburuta kitu kinaachia wakati kidole hujakiinua. Bonyeza taratibu na kwa upole utaona inazidi, ukikandamiza kwa nguvu inapungua. Hata uchezee kasi ya kubonyeza mara mbili kwenye setingi, kuburuta kutaendelea kukatika.

Mimi ningeifungua nibadilishe swichi, kazi ya solda tu, ni miguu mitatu ya swichi.

Bi_Mahesabu

Fundi nakuheshimu lakini asiifungue jamani! Skrubu zake nyingi ziko chini ya zile nyayo za plastiki, ukishazibandua inaonekana, na ndio wanapata sababu ya kumkatalia waranti ambayo ni haki yake. Kampuni ndiyo imeuza kitu kibovu, wao ndio waibadilishe.

Dada au kaka mhariri, mimi nilipita hukohuko na kampuni nyingine. Kilichonisaidia ni video. Chomeka hiyo mausi kwenye kompyuta ya mtu mwingine kabisa, fungua ukurasa wowote wa kupimia mabonyezo unaohesabu, weka simu ionekane kidole na skrini kwa pamoja, bonyeza polepole. Namba ikiruka mbili kwa bonyezo moja hana pa kukimbilia, sio laptopu yako tena. Kisha ijibu imeli ileile waliyoifunga, usifungue ombi jipya maana unarudi mwisho wa foleni na historia yote inakatika. Weka kila kitu humo humo: jina la modeli, namba za chini, risiti, video, na ulichokwisha jaribu. La kishale usilitaje hata neno moja. Malizia kwa kuwauliza mnabadilisha au mnakataa, na kama mnakataa ni kwa kipengele gani cha waranti.

mhariri_wa_usiku

Asanteni sana wote. Nimeleta mrejesho.

Fundi ulikuwa sahihi, diski ya nje ya bakapu ilikuwa tundu la jirani na risiva. Nimeweka waya wa kurefusha, kishale sasa kinateleza vizuri hata nikikopi mafaili makubwa. Kitufe bado vilevile, na kwenye kompyuta ya jirani kikafanya hivyohivyo. Nimetuma video. Nimejibiwa na mtu, na kwa mara ya kwanza hakutaja betri! Ila wanasema niitume mausi kwao kwa gharama zangu waichunguze kwanza. Nifanyeje? Bila mausi siwezi kufanya kazi, na nauli ya mzigo kwenda huko si ya mchezo.

Bi_Mahesabu

Usitume bado. Soma waranti inasema nani analipia usafiri, ikiwa kimya waombe wakutumie lebo iliyolipiwa, na waulize kama video inatosha maana kampuni nyingi kwa vitu vidogo hivi zinabadilisha bila kudai cha zamani. Wakigoma rudi kwa aliyekuuzia, mpe video hiyohiyo na risiti, naye ana wajibu wake.

fundi_solda

Na ukituma, risiva iende pamoja na mausi. Nyingi kila mausi imeunganishwa na risiva yake kiwandani, ukibaki nayo wataiwasha wakose mawasiliano, watakuandikia kwamba umetuma pungufu. Kwa sasa azima ya waya ufanyie kazi.