Makanjanja wa "kuongeza spidi", procesa ya i5-2400 haifiki 4.5 GHz hata kwa dua. Rudisheni hela ya watu!

Wakuu, salamu baadaye, leo nina hasira.

Kuna duka la kompyuta hapa Dar, mitaa ya Kariakoo. Jina naliweka kiporo kwanza kwa sababu bado tunadaiana. Hilo duka limempiga mama yangu mdogo shilingi 85,000 kwa kazi ambayo haiwezekani kufanyika. Naomba nieleweke: silalamiki kwamba wameifanya vibaya. Haiwezekani kabisa, kwa jinsi mashine yenyewe ilivyoundwa, na aliyempokea pale kaunta ama analijua hilo, ama hastahili kuitwa fundi.

Mashine ni Dell OptiPlex 790, ile mini tower. Mnazijua, zimejaa kwenye ofisi na steshenari zetu, zimeingia kwa wingi kama yuzdi. Ndani ina Core i5-2400, procesa (ubongo wa kompyuta) iliyotoka Januari 2011, na RAM ya GB 4. Mama mdogo anaendesha steshenari Mbagala, chumba cha bati, AC hakuna, kuna feni ya mezani inayompepea yeye na wateja. Anachapa, anatoa kopi, anawajazia vijana maombi ya ajira na mikopo ya chuo. Asubuhi mashine inapiga kazi vizuri. Ikifika saa nane mchana inaanza kusinzia, kubofya tu faili unasubiri mpaka mteja anaguna, halafu inazima ghafla. Hakuna ujumbe, hakuna kioo cha bluu. Ukiwasha papo hapo inazima tena. Ukiiacha ipoe, inawaka kama hakuna kilichotokea.

Sasa niambieni, aliyewahi kushika bisibisi anahitaji nini zaidi ya hapo? Dalili zote zinasema joto. Unafungua kava, unaangalia vumbi, unaangalia feni, unavua hitisinki (chuma cha kuipoza procesa) unaona hali ya pesti inayopitisha joto kati yao. Basi.

Jamaa akamwambia: "Mama, procesa yako imechoka, ni ya zamani. Tukiiovakloki inafika 4.5, itakimbizana na hizi mpya."

Kuovakloki ni kuilazimisha procesa ikimbie kuliko ilivyopangwa kiwandani. Mashine inakufa kwa joto, wewe dawa unayoandika ni ya kuiongezea joto! Joto la procesa hupanda kwa spidi ukizidisha na volti yake kwa kipeo cha pili. Ukiitoa procesa kutoka 3.1 hadi 4.5 na kuipandishia volti kutoka 1.2 hadi 1.35 ili isitetereke, joto linakaribia mara mbili. Hiyo tayari inakula hadi wati 95 kwa viwango vya kiwandani, imekaa kwenye boksi lenye pawa saplai ya wati 265 na hitisinki ndogo ya ofisini. Unaipeleka wapi?

Lakini hata tuseme mtu ni kichwa ngumu na anataka kuiunguza. Haifungukii. Procesa za kizazi hicho spidi yake ni kizidisho mara 100 MHz. 4.5 maana yake kizidisho 45. Waliofunguliwa kizidisho ni wale wenye herufi K, kama 2500K na 2600K, na lazima wakae kwenye mazabodi (bodi kuu) yenye chipseti inayoruhusu, kama P67 au Z68. Hiyo 790 ni chipseti ya Q65, mazabodi ya ofisi. Ingia BIOS yake (mipangilio ya mashine kabla ya Windows) uzunguke mpaka kesho, hakuna mahali pa kugusa kizidisho wala volti. Na ile 100 MHz ya msingi ndiyo hiyo hiyo inayoendesha na PCIe na SATA (njia za kadi na diski), hata kwenye mazabodi zinazoruhusu kuigusa, ukiisukuma asilimia chache tu mashine inaanza kuchanganyikiwa. Intel walilifunga hilo makusudi mwaka 2011, halina siri.

Namba yenyewe najua walikoiokota. 4.5 ndiyo iliyokuwa ikisifiwa sana kwa 2500K, ile ilikuwa inafika hapo kwa hitisinki nzuri ya hewa tu. Wamechukua sifa ya 2500K wakambandika 2400 ya mama wa watu.

Nilipofika Mbagala mama mdogo ananionyesha kwa furaha, "Mwanangu, angalia, imeandikwa." Kweli, ukibofya kulia This PC, Properties, pale kwenye jina la procesa pameandikwa i5-2400 na mbele yake 4.50GHz. Nikashangaa. Nikaweka CPU-Z, programu ya kuonyesha spidi halisi, nikaibana procesa kwa mzigo wa koa (viini vya procesa) zote nne: kizidisho x32, spidi 3192 MHz. Ndiyo tabo (spidi ya nyongeza ya kiwandani) ya kawaida ya i5-2400 ikifanya kazi kwa koa zote, jinsi ilivyotoka kiwandani. Dakika chache baadaye joto likagonga digrii 97, kizidisho kikaporomoka hadi x16. Yaani 1.6 GHz. Procesa inajipunguza yenyewe isiungue, na hapo ndipo steshenari inaposinzia saa nane. Kwa hiyo mashine ya "4.5" ilikuwa inafanya kazi kwa 1.6.

Hilo jina sasa. Nikawasha upya, nikaona kidirisha cheusi kinamulika kwenye kioo kisha kinapotea. Nikaingia Task Scheduler, sehemu ya Windows ya kupanga programu zijiendeshe zenyewe, nikakuta kazi imepewa jina "IntelUpdate", inajiendesha kila mtu anapoingia Windows, kwa mamlaka ya juu kabisa. Nikafungua faili lake kwa Notepad. Mistari minne. Kinachofanya ni kwenda kwenye rejistri (hazina ya mipangilio ya Windows), tawi la HARDWARE, CentralProcessor, na kuandika upya ProcessorNameString kuwa 4.50GHz kwa kila koa. Tawi lile Windows hulijenga upya kila unapowasha, jina la kweli linarudi, ndiyo maana iliwabidi waweke kifaili cha kulipaka rangi kila asubuhi. Mtu aliyekaa akafikiria hivyo hajakosea. Amejua kabisa anachokifanya, na akatafuta na jina la kukificha.

Ukiacha hilo la procesa, "sevisi" yao ilikuwa hii: wameweka Windows kwenye High performance. Wameingia msconfig (mipangilio ya jinsi Windows inavyowaka) wakatiki "Number of processors" ikawa 4, ile mbinu ya YouTube. Jamani, kile kisanduku ni cha kupunguza koa wakati wa majaribio. Usipokigusa Windows inatumia koa zote. Kukitiki 4 kwenye mashine ya koa 4 ni sawa na kutokufanya kitu. Na wamemwekea programu ya "kusafisha RAM" inayojifungua yenyewe kila ukiwasha na kula hiyo hiyo RAM.

Hitisinki haikuguswa. Nilipoifungua skrubu zake nne na kuivua, pesti ilikuwa imekauka kama chaki, inadondoka vipande. Chini ya feni, kati ya zile nyavu za aluminiamu, vumbi limeshikana na unga wa tona ya fotokopi mpaka hewa haipiti, nililichomoa kwa vidole likatoka pande moja. Halafu feni yenyewe si ya Dell. Wamechomoa ya orijino wakaweka ya bei chee, na soketi ya Dell si ya kawaida, kwa hiyo nyaya zimekatwa na kuungwa kwa seloteipu. Kila ukiwasha mashine inalalamika feni na kukutaka ubonyeze F1. Mama mdogo aliambiwa hiyo F1 ni "ya kuwashia spidi". Feni yake iko wapi?

Nikapiga simu. Sikutukana, mashahidi wapo.

"Fundi, ile 790 ya Mbagala mmeipandishaje kizidisho?"

"Kaka, tumetumia programu yetu."

"Programu gani? Chipseti ni Q65."

Kimya. Kisha: "Kaka, hizo mashine za zamani ndivyo zilivyo, joto la Dar nalo unalijua. Hata hivyo mazabodi yake inaelekea kufa, mwambie mama aje tumpe bei ya nyingine."

Mazabodi kufa! Ushahidi wake ni kwamba saa ya mashine ilikuwa inarudi nyuma miaka kila umeme ukikatika. Na kweli ilikuwa inarudi, wateja wakawa wanakosa kufungua tovuti za maombi, maana tarehe ikikosea brauza inaona vyeti vya usalama vya tovuti ni batili na kugoma. Nikapima betri ya BIOS kwa mita, ile CR2032 ya duara. Inatakiwa volti 3, ilikuwa 2.3. Kibetri cha dukani, kinapatikana hata kwa fundi saa. Nimekibadilisha, saa imetulia. Mtu alikuwa tayari kumuuzia mazabodi nzima kwa ajili ya kibetri.

Mjue nilichokifanya ili wasije hapa kusema namsema mtu bure. Nimepuliza vumbi kwa blowa nje ya nyumba, feni nimeishika isizunguke. Pesti ya zamani nimeifuta kwa spiriti mpaka procesa ikang'aa, nikaweka mpya tone dogo katikati, nikakaza skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo. Mashine nimeisogeza kutoka kwenye kona ilikobanwa ukutani, pale nyuma ndipo hewa ya moto inapotokea. Mzigo ule ule, chumba kile kile cha bati, mchana: digrii 72, kizidisho kimekaa x32 hakishuki. Haijazima tena. Gharama yote, pamoja na betri na nauli, haifiki robo ya walichochukua. Na hapo ndipo mwisho wa "spidi" ya 2400. Anayetaka iwe nyepesi zaidi aweke SSD (diski ya kasi) na RAM ifike GB 8, au atafute i7-2600 inayokaa soketi ile ile. Hiyo ni biashara halali kabisa, wangemwambia hivyo angewalipa na asante juu.

Kinachoniuma zaidi ni risiti. Imeandikwa kwa mkono, hakuna EFD (risiti ya mashine ya kodi), "Kuongeza spidi 4.5 + sevisi, 85,000, hairudishwi". Nimeipiga picha, na kile kifaili cha "IntelUpdate" nimekihifadhi kwenye flashi pamoja na tarehe yake ya kuundwa, ambayo ni siku mashine ilipokuwa dukani kwao. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja kuhusu huduma unayomuuzia, na "hairudishwi" ya kalamu ya bluu haiwezi kuizidi sheria.

Nataka vitu viwili: 85,000 kamili, na feni ya orijino. Wamepewa mpaka Ijumaa. Wasipotoa, picha ya risiti yenye jina la duka inapanda hapa, na malalamiko yanaenda FCC (Tume ya Ushindani) na TRA (mamlaka ya mapato) siku hiyo hiyo.

Kwa wale waliopitishwa kwenye hilo hilo la 4.5, angalieni Task Scheduler zenu muweke picha. Nahisi mama mdogo hayuko peke yake, maana kifaili kile kimeandikwa vizuri mno kuwa cha mteja mmoja. Na mwenye feni ya OptiPlex 790 mini tower iliyo nzima anicheki, hii ya seloteipu inapiga kelele na F1 imeshamchosha mama.