MREJESHO: Tela la boti lililokuwa likichanganya taa

Wakuu, nimerudi. Mwezi uliopita niliuliza kwa nini nikikanyaga breki, indiketa za tela langu la boti nazo zinawaka kwa unyonge na taa za nyuma zinafifia. Wengi mlisema ethi, yaani ule waya wa kurudisha umeme kwenye betri, haishiki vizuri. Ni kweli, ilikuwa ethi.

Fundi alikuwa ameshabadilisha balbu zote, hela ikaenda bure. Jumamosi nikaingia chini mwenyewe. Waya mweupe wa ethi, ule wa pini namba 3 kwenye soketi ya pini 7, ulifungwa kwenye fremu kwa bolti iliyoliwa na kutu. Nilipougusa ukabaki mkononi. Nikakwangua chuma kwa msasa mpaka kikang'aa, nikafunga bolti mpya, nikapaka grisi. Taa zikatulia palepale.

Cheni nazo nimezipishanisha chini ya mkono wa tela, likichomoka zilidake lisichimbe lami. Jana nimelivuta kutoka Kisesa hadi Igombe bila tatizo. Pale ufukweni nachomoa plagi kwanza ndipo narudisha tela majini, maana balbu ya moto ikikutana na maji ya ziwa inapasuka. Mbili zimeshanifia hivyo.

Yule aliyeapa kwamba ni fyuzi, nadai soda yangu.