SL 500 ya 1994: nianze na waya, paa au rimu?

Ndoto_ya_Utotoni

Wakuu habari za humu. Nimekuwa nasoma tu kimya kimya muda mrefu, leo naomba msaada maana nimekwama. Miezi 2 iliyopita nimechukua Mercedes SL 500 ya 1994, ile ya bodi inayoitwa R129, V8 ya lita 5, gia otomatiki ya hatua 4. Hii gari naitamani tangu niko mdogo, picha yake ilikaa ukutani kwangu miaka, kwahiyo naomba asitokee mtu wa kuniambia niiuze, hilo halipo.

Bodi iko safi, kutu sijaona, viti vya ngozi vimechoka kidogo tu. Imetembea km 142,000 na kitabu cha servisi kipo ila kinaishia njiani, miaka 6 ya mwisho ilikuwa imepaki tu ndani, anayeiwasha hayupo. Sasa shida zake ni hizi. Asubuhi, hasa usiku wake ukiwa umenyesha, injini inamisi, inatetemeka, sailensi (mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama) inapanda inashuka, ikishapata moto inatulia lakini sio kabisa. Nikiwasha kuna mlio tik tik tik juu ya injini, unakaa kama dakika 2 halafu unapotea. Na paa la turubai linaanza vizuri likifika katikati linagoma, tena kuna oili inadondoka kutoka juu ya kioo cha mbele upande wa dereva, mara ya kwanza nilidhani ni maji ya mvua hadi nilipogusa.

Fundi wa kwanza alibadilisha plagi zote 8, hakuna kilichobadilika. Sasa anasema kompyuta ya injini imekufa tutafute nyingine. Hela ninayo kiasi lakini sio ya kufanya kila kitu kwa mpigo, na ukweli moyo wangu uko kwenye rimu za inchi 19, kuishusha kidogo, ekzosi yenye sauti na redio ya kisasa. Nianze wapi wakuu?

---

waya_za_zamani

Mkuu hongera sana kwanza, hiyo gari ni nzuri mno. Pili, USINUNUE kompyuta. Yaani simamisha hilo zoezi leo hii.

Gari yako imeangukia katikati ya kipindi chenye shida ya waya, kama 1992 hadi 1995 hivi. Waya za injini za miaka ile zilivikwa plastiki ya aina inayooza, sasa kwenye injini kuna joto, baada ya miaka plastiki inakauka, inapasuka na kudondoka kama maganda ya kitunguu, shaba inabaki uchi ndani ya lile ala jeusi na kwa nje huoni kitu, kila kitu kinaonekana kizima. Waya zikigusana ndio unapata injini inayomisi leo kesho nzima, na mbaya zaidi shoti inaweza kuiua kompyuta. Kwahiyo ukifunga kompyuta nyingine juu ya waya mbovu unaweza kuiua na hiyo pia, utakuwa umenunua kompyuta 2 na tatizo liko palepale.

Kujua ni rahisi. Toa terminali ya betri, tafuta sehemu waya zinapoingia kwenye sensa au injekta, vuta ala nyuma taratibu kama sentimita 3, kunja waya mmoja kidogo kwa vidole. Ukipasuka au ukitoa vumbi jibu unalo. Usisahau kile kifaa cha umeme kinachoendesha throto, nacho kina waya zake za aina hiyohiyo na watu wengi wanabadilisha waringi kubwa (fungu lote la waya za injini) halafu wanakisahau, gari inaendelea kusumbua wanarudi kulaumu spea mpya. Kama iliwahi kubadilishwa waringi mpya huwa ina kilebo chenye tarehe, kitafute.

Halafu hiyo ya kumisi kukinyesha. Injini yako ina distributa 2 (vile vifaa vinavyogawa moto kwenye plagi), kila moja iko mbele ya silinda hedi yake, na unyevu unapenda sana kuingia pale ndani. Fungua kofia zote mbili uangalie, ukikuta ukungu, kutu nyeupe kwenye vidole vya ndani ya kofia au mistari myeusi kama nywele basi badilisha kofia na rota (kile kinachozunguka ndani yake) pande zote mbili kwa pamoja, usifanye upande mmoja. Fundi aliyekimbilia plagi bila kufungua zile kofia hajawahi kuikuta injini hii, sisemi ni mtu mbaya ila hii haijui. Na zile mashine ndogo za kupimia zinazochomekwa chini ya dashibodi hapo hazina kazi, soketi ya gari yako iko ndani ya boneti.

---

DadaSpana

Nimeishi na R129 miaka 9 sasa, yangu ni ya 1991, kwahiyo waya sikukutana nazo ila turubai nimelijua hadi ndani ya mifupa.

Hiyo oili inayodondoka juu ya kioo ni oili ya haidroliki. Paa lote linaendeshwa na silinda ndogondogo za haidroliki, pampu iko kwenye buti, na zile silinda za mbele zinazofunga paa kwenye fremu ya kioo ndizo huwa za kwanza kuvuja kwasababu sili zake za ndani zinazeeka, zinakuwa kama ugoro. Watu wengi wanaongeza oili tu wanaendelea. Usifanye hivyo. Ile oili inashuka kwenye kitambaa cha dari, kwenye ngozi, kwenye dashibodi, haitoki tena, na siku gari ikipigwa na jua unaendesha huku matone yanakudondokea kichwani.

Habari njema ni kwamba huhitaji silinda mpya. Zinafunguliwa, zinawekwa sili mpya za mpira wa kisasa na zinadumu kuliko za mwanzo. Ushauri wangu fanya zote kwa mkupuo mmoja. Mimi nilianza na 2 zilizokuwa zinavuja, presha ikarudi vizuri, baada ya miezi 4 zikavuja nyingine 2, kila mara ni kung'oa plastiki zilezile za ndani ambazo nazo zimekauka na kila ukizigusa klipu moja inakatika. Nililia, sitanii. Ukizitoa weka alama kila silinda na kila hosi kwa utepe, piga picha kabla hujagusa chochote, na ukimaliza toa oili yote ya zamani kwenye pampu uweke mpya.

Ila kabla ya hayo yote angalia kwanza kiwango cha oili kwenye tanki la pampu. Likiwa limeshuka paa linaishia katikati hivyohivyo. Na ukikuta pampu inalia lakini paa haliendi USILISUKUME kwa nguvu, mimi nimeona paa lililopindishwa chuma kimoja tu na halikufunga sawa tena maisha yake yote. Zile swichi ndogo zinazoiambia kompyuta ya paa "hatua hii imeisha nenda nyingine" nazo zinagoma, lakini hiyo ni baada ya presha.

Kioo cha plastiki cha nyuma je? Kama kimekuwa cha njano na kigumu usikunje paa kukiwa na baridi, kitapasuka kwenye mkunjo.

Na hiyo tik tik. Ikipotea baada ya dakika 2 kwenye gari iliyokaa miaka 6 inaweza kuwa tapeti (vile vidude vinavyosukuma valvu) zimekauka oili tu. Lakini juu ya kamshafti (shafti inayofungua valvu) kuna mirija ya kupeleka oili na viunganishi vyake ni vya plastiki, vinapasuka, oili inaishia njiani kamshafti inakula kavu. Fungua vifuniko vya juu ubadilishe viunganishi vyote, ni vitu vidogo sana na ndio vinailinda injini nzima. Ukiwa umefungua hapo tazama na reli za juu za cheni ya taiming, za plastiki pia, zikiwa zimegeuka rangi ya kahawa iliyokolea zinakatika kama biskuti, na kipande kikiingia kwenye cheni V8 imekwisha. Hii sio ya kungoja.

---

Lami_Tupu

Waliotangulia wamesema vizuri, mimi nijibu kuhusu rimu na kushusha maana wote mmeiruka na jamaa ameuliza kwa moyo wake.

Kaka inchi 19 hapana. Gari hii ilitoka na tairi 225/55 za inchi 16, ule ukuta mnene wa tairi ni sehemu ya shokapu zake, ndio unaifanya iteleze barabarani. Ukiweka 19 na tairi nyembamba kila shimo linapanda moja kwa moja hadi kwenye bushi ambazo kwako zina umri wa gari, na bodi isiyokuwa na paa la chuma inaanza kutetemeka kwenye dashibodi na kwenye fremu ya kioo. Inchi 17 ni tamu, 18 ndio mwisho, na zinakaa vizuri kwenye matao ya gurudumu. Boliti 5x112, tundu la katikati 66.6 mm, hakikisha rimu inakaa kwenye habu yenyewe isitegemee boliti tu.

Kushusha, kabla hujakata springi (na usikate springi) jua kwamba juu ya springi kuna raba zenye nundu, kuanzia nundu 1 hadi 4, kila moja unene wake. Ukitoa ya nundu 3 ukaweka ya 1 gari inashuka kidogo kistaarabu, na ukikosea unarudisha. Kwanza kabisa lakini weka shokapu mpya, boljoint, bushi na mauntingi za injini. Nakuhakikishia ukishafanya hivyo nusu ya hamu ya kuibadilisha itaisha kwasababu utakuwa hujawahi kuiendesha ikiwa nzima, ulichoendesha mpaka sasa ni gari iliyolegea.

Redio weka, haina madhara. Ila tunza ile ya zamani kwenye boksi, na usiruhusu mtu akate waya za nyuma yake, atumie adapta.

---

mzee_wa_grisi

Vijana mmesema vyema ila mmeanzia katikati. Gari imepaki MIAKA 6 na mwenyewe anaizungusha barabarani. Mimi hapo ndipo naona hatari.

Hosi za mpira za petroli chini nyuma kwenye pampu, ziangalie leo, injini za hizi gari zinatumia presha kubwa na hosi iliyopasuka ni moto, gari inaungua yote ukiangalia. Maji ya breki yanavuta unyevu wa hewani, yanatakiwa kubadilishwa kila miaka 2, yako yana miaka 6 au zaidi. Hosi za mpira za breki huwa zinavimba kwa ndani, kwa nje nzima, unakanyaga breki gurudumu moja linabaki limeshika. Badilisha zote. Tairi usiangalie nyuzi zake, soma namba 4 za mwisho za DOT ubavuni, 2 za kwanza ni wiki na 2 za mwisho ni mwaka, ukikuta 2312 maana yake wiki ya 23 mwaka 2012, hilo sio tairi tena hata kama linang'aa.

Giaboksi yake ni ngumu sana kuua ikipewa oili safi na filta, na ukiimwaga kumbuka tokconveta (ile inayounganisha injini na giaboksi) nayo ina boliti yake ya kumwagia, mafundi wengi wanamwaga sampu (bakuli la chini) tu nusu ya oili chafu inabaki. Kama inabadilisha gia kwa kishindo angalia kile kidude cha vakyumu pembeni ya giaboksi kabla mtu hajakwambia giaboksi imekufa. Na zile raba za duara mbele na nyuma ya propela shafti, zikiwa na nyufa badilisha.

Injini inameza karibu lita 8 za oili, usishangae.

---

flati6

Mimi nina Porsche 911 toleo la 996 sio SL ila nataka kuunga mkono hoja moja, ya injini kwanza urembo baadaye. Kwangu kila mtu alikuwa ananiambia turbo, ekzosi, rimu. Nilipofungua filta ya oili nikakuta chembe za chuma, ilikuwa ile beringi ya shafti ya kati inayojulikana kwenye injini hizi, nikaiwahi wakati nabadilisha klachi kwasababu giaboksi ilikuwa chini tayari. Ningeweka ekzosi kwanza leo nisingekuwa na injini. Kata filta yako ya oili kila servisi uifungue uitazame, ni dakika 10.

---

Ndoto_ya_Utotoni

Wakuu narudi baada ya wiki 5, samahani kwa ukimya nilikuwa chini ya gari.

Mzee shikamoo, nilianza na ulichosema. Hosi ya petroli ukiikunja ilikuwa na nyufa unaweza kuingiza ukucha. Nimebadilisha zote, hosi za breki, maji ya breki, na tairi zilikuwa za 2009. Nilikuwa naendesha nazo na mtoto kiti cha pembeni. Nimekaa nalo hilo siku kadhaa.

Waya: ndugu yangu waya_za_zamani nilivuta ala sentimita 3 kama ulivyosema, plastiki ikabaki mkononi. Nimeweka waringi mpya, cha throto nacho nimekipeleka kikavikwa waya mpya, kofia na rota pande zote. Kofia ya kulia ilikuwa na ukungu wa kijani kabisa. Kompyuta ni ileile ya mwanzo, nzima, na juzi kumenyesha usiku kucha, asubuhi nimewasha mara moja, nimekaa nayo dakika nzima naisikiliza, sailensi imetulia tuli.

Viunganishi vya oili 3 vilikuwa vimepasuka, tik tik imeisha. Reli za juu nimebadilisha, moja ilikatika mkononi wakati naitoa, Dada asante sana kwa hili.

Turubai bado. Silinda zote nimezitoa ziko mezani zimepangwa na utepe wa rangi, nasubiri sili. Swali langu sasa kwa DadaSpana, zile mbili za kwenye fremu ya kioo, wakati wa kurudisha naunga hosi kwanza ndio nafunga silinda au kinyume chake? Maana nafasi pale mkono hauingii.

---

DadaSpana

Hosi kwanza, silinda ikiwa bado inaning'inia. Kisha washa pampu mara moja mtu akiwa ameishika na kitambaa chini, uone kama kuna tone lolote, ndipo uifunge. Na usirudishe plastiki za juu ya kioo mpaka paa limekwenda na kurudi mara 5 kamili.