Mrejesho: Rangi za akriliki kukauka upesi na maembe kuonekana bapa

Ndugu zangu, niliwauliza kwa nini rangi zangu za akriliki hukauka kabla sijazichanganya ninapochora nje, na kwa nini maembe ninayoyapanga mezani huonekana bapa kwenye turubai. Nawashukuru kwa dhati nyote mlionijibu.

Ushauri wa kutandaza karatasi ya kuokea juu ya kitambaa chenye maji, ndani ya chombo chenye kifuniko, na kuweka rangi juu ya karatasi hiyo, umefaulu kabisa: unyevu hupenya polepole kutoka chini, na rangi hubaki laini hata katika jua na upepo wa Arboretum, bustani ya miti ya Nairobi.

Kilicho kigumu zaidi ni mwanga. Nairobi iko karibu sana na ikweta, hivyo jua hupanda kwa kasi karibu wima, na vivuli vya mijakaranda ninavyovianza saa mbili asubuhi huwa vimefupika mno ifikapo saa nne. Kwa sababu hiyo sasa naweka vivuli vyote kwanza, kisha sivigusi tena hata vikihama.

Kwa maembe, nimezima taa ya dari na kutegemea dirisha moja la ubavuni. Upande wa kivuli siutii rangi nyeusi, bali nachanganya rangi ya chungwa na bluu kidogo, ambazo hupunguzana ukali, na hatimaye embe limepata mviringo wake. Furaha niliyoipata siwezi kuificha.

Rangi za mafuta nitazisubirisha, kwa kuwa hukawia kukauka na chumba changu hakina hewa ya kutosha kwa tapentaini, kiyeyusho cha rangi hizo chenye mvuke mkali.